Maswali ya Wasomaji: Bamba Baadaye, Kwanza Kazi Yake Isomeke

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Lamu, na moja imetoka Malindi. Zote zinauliza namna ya kuwaenzi watu walioandika au kuhifadhi tarehe, yaani historia, ya mwambao wetu, walio hai na waliotangulia. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi lao.

Assalamu alaykum waungwana. Sisi vijana wa Mkomani tumechanga pesa tuweke bamba la kumbukumbu kwenye nyumba ya marehemu maalim aliyeandika habari za misikiti na koo za hapa mjini. Fundi anataka marumaru nyeusi ibandikwe kwa saruji. Yafaa? Na tuandike maneno gani?

Wa alaykum salaam. Saruji msiiguse. Kuta za nyumba za mawe Lamu ni matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, nazo hupitisha unyevu kutoka ndani kwenda nje. Saruji huuziba unyevu huo, chumvi ikajikusanya nyuma yake, plasta ikafura na kumeguka. Baada ya misimu michache ya mvua marumaru huanguka na kipande cha ukuta, na mwenye nyumba hatataka tena kusikia habari za bamba.

Kabla ya fundi kushika keekee, pateni ruhusa. Mji wa Kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Pelekeni mchoro kwenye ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini na kwa kaunti, uonyeshe upana, urefu, mahali pa kuweka na namna ya kufunga. Ambatanisheni idhini ya maandishi ya wenye nyumba. Nyumba nyingi za mawe walipewa mabinti walipoolewa, kwa hiyo saini ya kaka mkubwa peke yake huenda isitoshe. Ulizeni warithi wote, na hasa wanawake.

Kwa bamba lenyewe tungechagua mbao. Ubao wa mbambakofi au msaji wenye unene wa milimita 25 hadi 30, upana wa sentimita 40 na kimo cha 30, uchongwe na fundi wa milango wa papo hapo Lamu, herufi zizame milimita 4 au 5. Shaba nyeupe hupendeza siku ya uzinduzi, lakini upepo wa bahari huifanya nyeusi, na mtu wa kuisugua kila mwezi hupatikana mwaka wa kwanza tu. Parafujo ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Chuma cha kawaida kikiota kutu huvimba na kulipasua tumbawe. Toboeni kwenye kiungo cha chokaa, si kwenye jiwe, kina cha sentimita 5, na shimo lijazwe chokaa na mchanga kwa kipimo cha 1 kwa 3. Mchanga uwe umeoshwa kwa maji ya kunywa yasiyo na chumvi; wa ufuoni una chumvi. Nyuma ya ubao acheni nafasi ya milimita 10 ili hewa ipite.

Kitovu cha bamba kiwe sentimita 150 au 160 kutoka chini. Likishuka zaidi, punda wenye mizigo ya mawe watalikwaruza kila siku. Msiguse mwimo wa mlango uliochongwa wala mabaraza ya daka, yaani ukumbi wa mbele ya mlango. Vichochoro ni vyembamba na msomaji husimama mita moja au mbili, basi herufi za milimita 25 kwa jina na 12 kwa maelezo zinatosha.

Maneno yasizidi 40. Jina lake kamili kama alivyoliandika mwenyewe, miaka ya kuzaliwa na kufa kwa Hijria na Miladia, alichoandika, na mahali kinaposomeka leo. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa, nalo ndilo la maana: bamba lisilosema kazi iko wapi humwacha mpita njia na jina tupu. "Alikuwa mtu wa watu" futeni. Kabla ya kuchonga, watu wawili walisome, mmoja wao asiwe wa ukoo.

Babu yangu alifariki 1988. Ameacha kasha la karatasi zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nyingine zimetoboka. Mjomba anasema tuzianike juani kisha tuzipige laminesheni ili zidumu. Nami nataka zitoke kitabu kwa jina la babu. Nianzie wapi?

Anza kwa kumzuia mjomba, kwa adabu. Jua hukausha karatasi ghafla ikapinda na kukatika, na hufifisha wino. Laminesheni ni joto na plastiki iliyogandana na karatasi, haitoki tena. Utepe wa gundi nao hugeuka manjano na kuacha doa lisilofutika.

Toa kasha kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, au popote linapogusa ukuta, kwa sababu ukuta wa chokaa hupumua unyevu. Liweke juu ya meza ndani ya nyumba, mbali na dirisha. Ukiona unga mpya wa mbao, wadudu wangali hai. Karatasi zilizo na wadudu zifunge katika mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, uziweke kwenye friza ya nyumbani majuma mawili. Ukizitoa, usifungue mfuko mpaka kesho yake. Ukifungua mapema, mvuke wa Lamu utaganda juu ya karatasi baridi kuwa maji, na wino mwingi wa miswada ya kale haustahimili maji. Zilizo na ukungu zitenge, na uvae barakoa.

Kisha piga picha kabla hujapanga chochote, kwa mpangilio uleule uliozikuta. Simu nzuri inatosha. Chagua chumba chenye mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja, zima mmweko, simu ikae sambamba na karatasi, na rula iwe pembeni kuonyesha ukubwa. Piga kila ukurasa, hata mtupu, hata jalada. Pembezoni ndiko watu walikoandika kuzaliwa, kufa, madeni na kuwasili kwa vyombo. Mara nyingi tarehe ya mji imo humo kuliko katika matini yenyewe. Majina ya faili yawe mafupi na yenye namba za tarakimu tatu: kasha1_001, kasha1_002. Karatasi ukilazimika kuziandika, tumia penseli laini, kwenye kona, bila kukandamiza.

Kurasa zilizochanganyika zina njia yake. Waandishi wengi wa kale hawakuweka namba. Chini ya ukurasa wa kulia, pembeni kushoto, waliandika neno dogo la mshazari, ambalo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Tafuta ukurasa unaoanza na neno hilo, na mnyororo utajipanga wenyewe. Inua pia karatasi kwenye mwanga: ukiona miezi michanga mitatu ndani yake, hiyo ni karatasi ya Italia iliyouzwa sana bahari hii, na wataalamu huweza kuitumia kukadiria umri.

Kusoma ni kazi ya watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha wakutane. Hati za kale mara nyingi hazitofautishi *e* na *i*, wala *o* na *u*, na *p* huweza kuandikwa kama *b*. Jina la mtu au kijiji likisomwa na mtu mmoja asiyekijua kijiji hicho, hutoka jina jipya ambalo halijawahi kuwako duniani. Palipo na shaka andikeni shaka.

Kuhusu kitabu: kwa sheria ya haki miliki ya Kenya ya 2001, haki ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mwandishi. Haki za babu yako ni za warithi mpaka mwisho wa 2038. Warithi wakubaliane kwa maandishi nani atatia saini na mchapishaji. Usimpe mtu karatasi zenyewe "akasome kisha arudishe". Mpe picha. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha katika mradi wa Maktaba ya Uingereza, na picha husomwa kwenye mtandao. Hilo ndilo la kuiga.

Barazani tunagombana. Wengine wanasema Wazungu kama Kirkman na Allen ndio waliotuandikia historia, waenziwe wao. Wengine wanasema hata kidogo. Ninyi mwasemaje?

James Kirkman alichimba magofu ya Gedi kuanzia 1948, na James de Vere Allen alikuwa msimamizi wa kwanza wa Makumbusho ya Lamu. Kazi zao zipo, na anayeandika leo hawezi kuziruka. Waenziwe, bila ya tatizo. Tatizo letu ni mpangilio wa majina.

Chukua *Khabari za Lamu*. Aliyeziandika ni Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy, mtu wa hapa. William Hichens alizitoa katika jarida la Afrika Kusini mwaka 1938. Mara ngapi umesikia "tarehe ya Hichens"? Au *Habari za Pate*: inasemwa kitabu cha asili kiliteketea Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890, na zilizotufikia zimetokana kwa sehemu kubwa na kumbukumbu ya Bwana Kitini, Mnabahani, yaani mtu wa ukoo uliotawala kisiwa cha Pate. Stigand, ofisa wa Kiingereza, alizichapa kwa Kiingereza mwaka 1913, na wengi wakamtaja Stigand. Muhamadi Kijuma, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri, aliwanakilia watafiti wa Ulaya, Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann, tendi kwa mkono wake, na ndizo zilizomo leo katika maktaba za London na Ujerumani. Yeye hakubeba tu karatasi za wengine. Alichagua, akasahihisha, na akatunga.

Kwa hiyo baraza likitaka kufanya jambo, liombe kwamba kila kibao cha maonyesho, kitabu cha mwongozo wa watalii na somo la shule litaje kwanza msimulizi au mwandishi, kisha mhariri, kisha mfasiri. Andika barua moja kwa kila taasisi, utaje ukurasa au kibao chenye kasoro na uandike sentensi mpya inayopendekezwa, tayari kunakiliwa. Barua ya malalamiko pekee huishia kwenye faili; iliyo na sentensi iliyokwisha andikwa hutekelezwa haraka, kwa kuwa imempunguzia karani kazi.

Bibi yetu wa Langoni ana miaka zaidi ya 80, azijua nyumba zote za mtaa na nani alimzaa nani. Hajaandika kitu. Huyu naye ni mwanahistoria? Tumrekodi vipi bila kumchosha?

Ni mwanahistoria, na wa aina ambayo vitabu vyetu vimeiacha nyuma. Nyumba zilikwenda kwa mabinti, basi habari za kila nyumba, nani aliijenga, nani aliolewa humo, ukuta gani uliongezwa kwa harusi ipi, ziko kwa wanawake. Mwanamume akija na kamera hupewa kahawa na majibu mafupi. Mtume mjukuu wa kike, ndani, si barazani.

Mazungumzo yasizidi saa moja kwa siku. Asubuhi baada ya chai ni bora. Alasiri kuna watoto wa madrasa, adhana, na jenereta la jirani. Zima feni na jokofu, funga madirisha ya upande wa njia. Kinasa sauti au simu kiwe shibiri moja kutoka kinywani, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kisiwe juu ya meza tupu, kwa maana kila kikombe kitakachowekwa kitasikika kama nyundo. Rekodi kwa faili za WAV, 48 kHz na biti 24. Saa moja ya chaneli moja huchukua karibu megabaiti 520. Faili zilizobanwa, kama za ujumbe wa sauti wa simu, hupoteza sauti nyembamba, na kwa mzee mwenye sauti ya chini ndizo zenye maneno.

Anza rekodi kwa kutaja tarehe, mahali na waliopo. Kisha mwombe ruhusa, naye ajibu kwa sauti yake: nani asikie, watu wote, jamaa tu, au baada ya miaka fulani? Katika nasaba za Lamu kuna mambo ya ndoa, utumwa na mirathi yanayoweza kuumiza walio hai. Akisema "hili zima", zima kweli.

Maswali yaanze na kitu kinachoonekana. "Tueleze historia ya Langoni" humnyamazisha mtu yeyote. Tembea naye kwa maneno kutoka mlango hadi mlango kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukiwa na mchoro wa mtaa mkononi, na umwulize nyumba moja moja.

Nakala ziwe tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na moja nje ya Lamu kabisa, kwa jamaa wa Mombasa au kwenye hifadhi ya mtandao. Kila baada ya miezi sita fungueni faili kadhaa mzisikilize, maana diski huharibika kimya. Kuandika saa moja ya maneno huchukua saa tano au sita. Andikeni alivyosema: akisema *ndia*, *mato* na *kitwa*, msimgeuzie kuwa *njia*, *macho* na *kichwa*. Nakala ya kwanza iliyochapishwa apewe yeye, herufi kubwa, jina lake juu.

Mtu wetu anaweza kupewa nishani ya taifa?

Anaweza. Njia ni mbili: Sheria ya Nishani za Taifa ya 2013, ambayo majina yake hupendekezwa, huchujwa na kamati ya ushauri na hutolewa na Rais, na kwa kawaida hutangazwa karibu na Jamhuri, 12 Desemba, na Sheria ya Mashujaa ya 2014. Pendekezo huanguka kwa kukosa ushahidi zaidi kuliko kwa kukosa sifa. Weka orodha ya kazi zilizochapwa, barua za taasisi zilizozitumia, na nakala ya kurasa chache. Anzeni miezi mingi kabla, na msingoje mtu afe. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Matondoni, aliyeandika kwa shairi namna ya kuunda chombo, sehemu kwa sehemu, alizaliwa 1927 na kufariki 2017. Muda wa kumshukuru mzee kama huyo usoni pake ulikuwapo.

Mimi ni mwalimu Malindi. Tunataka tuzo ya kila mwaka ya insha ya historia kwa jina la mwanahistoria wa pwani. Isife mwaka wa pili tufanyeje?

Tuzo hufa kwa kuwa hutoka mfukoni mwa mfadhili mmoja. Ikiwa zawadi na gharama ni shilingi 50,000 kwa mwaka, na akiba yenu inaleta faida ya asilimia 8, mnahitaji mtaji wa 625,000. Kama hamna, msianze na elfu hamsini. Anzeni na 10,000 na mtaji wa 125,000, na faida ikizidi msiile yote.

Majaji watatu, insha zipewe namba na majina yafunikwe. Mwambao ni mdogo na kila jaji ana mpwa darasani. Alama nyingi, tuseme 40 kati ya 100, ziende kwa ushahidi: mwanafunzi alimhoji nani, aliona hati au jengo gani, na je, ametaja vyanzo viwili vinavyopingana? Msipofanya hivyo mtapokea insha 60 kuhusu nguzo ya Vasco da Gama, zote zimetoka ukurasa mmoja wa mtandao. Mada iwe finyu: kisima kimoja, kaburi moja la mnara, mtaa mmoja. Insha zitakazoshinda zifungwe pamoja na nakala ipelekwe Makumbusho ya Malindi na maktaba ya shule.

Mzee tunayetaka kumwenzi ameandika tarehe ambazo wataalamu wanazikataa. Tukimsifu si tunatukuza makosa?

Mkitaka mwanahistoria asiyekosea hamtamwenzi mtu. *Habari za Pate* zinasema Wanabahani walifika mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204. Watafiti wengi huona tarehe hiyo imetangulizwa mno. Lakini uchimbaji wa Shanga, kisiwa hichohicho, katika miaka ya 1980, ulionyesha mji wenye Waislamu tangu karne ya 8, kwa hiyo ukale wa kisiwa haukuwa uzushi. Kosa la tarehe na ukweli wa jambo huweza kukaa katika sentensi moja.

Kwanza hakikisheni kosa ni lake. Mara nyingi ni la mgeuzaji wa kalenda. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 ujumlishe 622: 1228, mwaka wa vita vya Shela kati ya Lamu na Pate, inatoa 1813. Anayejumlisha 622 tu hupata 1850, na vita vya Shela vinaruka karibu miaka 40 mbele. Pia mwaka wa Hijria huingia katika miaka miwili ya Miladia mara nyingi, basi tofauti ya mwaka mmoja kati ya vitabu si ugomvi. Katika nasaba, hesabuni miaka 25 hadi 30 kwa kizazi. Mkiona vizazi vitano katika miaka 300, kuna majina yaliyorukwa, kwa kuwa "bin" wakati mwingine humpeleka mtu kwa babu aliye maarufu.

Mkichapisha, matini yake iacheni kama alivyoiandika, bila kusahihisha hata herufi. Masahihisho yawe chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, yakiwa na jina la aliyesahihisha, ili naye akosolewe kwa jina lake.